Bia, mgongo na kitanda: mwongozo wa mwezi mmoja kwa watu wa mwaloni

Mwanamume akiingia zahanati na kuniambia, "Sista, mgongo unanisumbua," simuulizi kwanza kama alinyanyua gunia la dagaa. Nafunga mlango, namsogezea kiti, nasubiri. Nimefanya kazi ya uuguzi kando ya Ziwa Victoria miaka mingi, Ilemela hapa Mwanza na huko visiwani, na mgongo huo naujua. Ni jina la staha. Maana yake uume hausimami, au unasimama na kulala njiani, au mke ameanza kulala akiwa amegeukia ukutani. Nikimuuliza anakunywa kiasi gani, karibu wote wananijibu neno moja: "Kawaida."

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya hiyo kawaida. Inaniuma kuona kijana anauza nyavu ili anunue unga wa nguvu za kiume kwa mchuuzi wa stendi, wakati nguvu anayoitafuta anaimwaga mwenyewe kila jioni baa. Inaniuma zaidi kumwona mke wake amekuja kliniki peke yake kutafuta kwa nini hapati mimba.

Nimeupanga kwa mwezi mmoja kwa sababu huku kwetu mwezi ndio kalenda. Giza likiwa nene, mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na taa zake. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawazifuati taa vizuri, kwa hiyo wavuvi wanakaa nchi kavu, mgao uko mfukoni, baa za mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, zinajaa. Anza siku ile mitumbwi inaporudi kazini, umalizie mbalamwezi inayofuata. Kama wewe si mvuvi, kama unaendesha bodaboda Igoma au una duka Buhongwa, anza siku yoyote.

Hatua ya 1: Jiangalie asubuhi kabla hujaacha

Hii naitanguliza kwa kuwa inaweza kuokoa maisha. Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka, jasho linakutoka na moyo unakwenda mbio mpaka uzimue kwa glasi moja ndipo utulie, usiache ghafla ukiwa peke yako. Ubongo wako umeshazoea kukandamizwa na pombe. Ukiuondolea mzigo huo kwa siku moja, unafyatuka.

Kutetemeka huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka, wanaona watu na wadudu wasiokuwepo, wanapigana na ukuta. Nyumbani wanasema amepandisha mashetani, wanampeleka kwa mganga, na huko huko anafia. Hali hiyo ina tiba: kuna dawa za kutuliza ubongo, vitamini B1 na maji ya mishipa. Nenda kituo cha afya kabla ya kuacha, taja idadi ya kweli unayokunywa kwa siku, wakupangie namna ya kushuka. Usione haya kutaja idadi. Tumesikia kubwa kuliko yako.

Kama huna dalili hizo, endelea na hatua ya pili leo leo.

Hatua ya 2: Hesabu gramu, chupa zinadanganya

Bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe, yaani kama gramu 20. Ini la mtu mzima linasafisha takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Bia moja, basi, ni kazi ya saa mbili hadi karibu tatu. Kahawa haiharakishi. Supu ya kongoro haiharakishi, wala kuoga maji baridi, wala kutapika alfajiri. Vyote hivyo vinakuamsha tu, na damu inabaki na pombe yake.

Tuseme umekaa Kirumba, umeanza saa mbili usiku, ukamaliza bia ya tano saa sita. Hizo ni gramu 100. Kuanzia glasi ya kwanza ini linahitaji saa 10 hadi 14 kuzimaliza, kwa hiyo utakuwa safi kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Saa nane usiku unapomgusa mwenzako, bia mbili au zaidi bado zinazunguka damuni. Ndipo unaposhangaa kwa nini mwili hauitiki.

Pombe kali inahesabiwa vivyo hivyo. Konyagi ina kilevi asilimia 35. Mililita 200 zake ni gramu 56, karibu bia tatu, na mtu anazimaliza kwa dakika ishirini akisema "kachupa kamoja tu." Viroba vya plastiki vya pombe kali vilipigwa marufuku nchini kuanzia Machi 1, 2017, lakini chupa ndogo za bei ya chini zinafanya kazi ile ile. Gongo haihesabiki kabisa, maana kila pipa lina ukali wake.

Chukua daftari, hata lile la mahesabu ya mgao. Kila asubuhi andika mistari miwili. Wa kwanza: ulikunywa ngapi, na ya mwisho saa ngapi. Wa pili ni wa mwili. Mwanamume aandike kama ameamka uume ukiwa umesimama. Mwanamke aandike tarehe za hedhi, na kama tendo lilikuwa na maumivu au ukavu. Usiandike zaidi ya hapo, la sivyo utachoka siku ya tatu.

Mstari wa pili una maana yake. Mwanamume anayeamka amesimama lakini anashindwa akiwa na mwenza usiku, mara nyingi mishipa yake ya damu bado inafanya kazi, na tatizo liko kwenye pombe, uchovu au mawazo. Asiyeamka hivyo kwa wiki kadhaa, hata siku ambazo hakunywa, asingoje mwezi uishe. Aje apimwe sukari na presha.

Hatua ya 3: Fahamu glasi inakwenda wapi

Pombe huingia damuni zaidi kupitia utumbo mwembamba. Tumbo likiwa tupu inafika haraka. Likiwa na ugali na samaki inachelewa. Damu inaifikisha ubongoni, na kitu cha kwanza kulegea ni breki ya aibu. Mtu anachangamka, anacheza, anamwona kila mtu mzuri. Hapo ndipo watu wanaposema bia inaleta hamu, na hawasemi uongo. Hamu inapanda.

Lakini pombe hiyo hiyo ni ganzi. Uume kusimama ni kazi ya mishipa ya fahamu: inaiamuru mishipa ya damu ilegee, damu ijae, kisha ibaki humo. Pombe inaichelewesha amri hiyo. Pia inakukojoza sana, mwili unapungukiwa maji, na mwili uliopungukiwa maji unabana mishipa yake. Kichwa kinataka, chini hakuna jibu.

Kuna wanaojisifu, "Mimi nikilewa nachelewa kumaliza." Nawaambia kuchelewa huko ni ganzi tu, na anayelipa ni mwenzako. Tendo linakwenda nusu saa bila mshindo, uke unakauka, ngozi inachubuka, kondomu inapasuka. Michubuko ni mlango wa VVU na magonjwa mengine ya ngono, kwenu wote wawili.

Hayo ni ya usiku mmoja. Ya miaka ni mazito zaidi. Pombe nyingi ya kila siku inadhoofisha chembe za korodani zinazotengeneza testosteroni. Korodani zinasinyaa, hamu inapungua hata siku ambayo hukunywa. Ini lililochoka linashindwa kuondoa estrojeni, homoni ambayo hata mwanamume anayo kidogo. Namkumbuka mvuvi wa miaka arobaini na kitu aliyekuja kwa kikohozi. Nilipomwambia avue shati nimsikilize kifua, alilishika kwa mikono miwili, hakutaka. Matiti yalikuwa yamevimba, yanauma yakiguswa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ana mwaka mzima haogi ziwani na wenzake. Kikohozi kilikuwa kisingizio cha kufika.

Miguu ikiwaka moto usiku au ikifa ganzi, jua mishipa ya fahamu imeanza kuharibika, na ile ya sehemu za siri ni ndugu zake.

Kuhusu mtoto: mbegu ya kiume huchukua takriban siku 74 kutengenezwa. Mkitafuta mimba, mwanamume apumzishe pombe miezi mitatu, na aje kliniki na mkewe. Wakwe wamezoea kumnyooshea mwanamke kidole wakati tatizo linaweza kuwa kwa mtoto wao.

Hatua ya 4: Kwa dada zangu

Mwanamke na mwanamume wenye uzito sawa wakinywa chupa sawa, pombe itakuwa nyingi zaidi katika damu ya mwanamke, kwa sababu mwili wake una maji machache ya kuizimua na tumbo lake huivunja kwa kiasi kidogo kuliko la mwanamume kabla haijaingia damuni. Kwa hiyo kushindana chupa kwa chupa na wanaume mezani ni mashindano ambayo mwili wako umeshayapoteza kabla ya kuanza.

Hamu inaweza kupanda kwako pia, lakini uke unakuwa mkavu na kufika kileleni kunachelewa au kunapotea. Ukinywa sana kwa muda mrefu hedhi huvurugika. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka, hata kwa wasiokunywa nyingi. Ukiwa mjamzito hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Pombe inavuka kondo na kumfikia mtoto, na inaweza kumharibu ubongo moja kwa moja. Wale wanaosema wanzuki au pombe ya kienyeji inaongeza maziwa, usiwasikilize. Pombe hupita kwenye maziwa. Kama umekunywa bia moja, subiri angalau saa nne kabla ya kunyonyesha.

Kuna jambo nataka lisikike hadi kwenye kaunta. Bia aliyokununulia mtu haimpi haki juu ya mwili wako. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 130, inahesabu kuwa ni ubakaji hata pale mwanamke alipokubali, ikiwa alikubali akiwa amelewa kwa kilevi alichopewa na huyo mwanamume au mtu mwingine, isipokuwa ithibitike walikuwa wamekubaliana kabla. Na ninyi kaka zangu, mtu anayeyumba au anayesinzia hana uwezo wa kukubali. Mpeleke kwao.

Hatua ya 5: Panga jioni ukiwa bado na akili zako

Ukishakunywa mbili, anayepanga si wewe tena. Kwa hiyo amua saa kumi jioni: leo ngapi? Kama jibu ni mbili, beba pesa ya mbili na nauli, nyingine mwachie mkeo au iache kwenye simu ya mtu unayemwamini. Kula kwanza, chakula kizito. Glasi ya maji katikati ya bia na bia. Kama unatarajia kuwa na mwenza usiku huo, ishia na moja, au acha kabisa mpaka baadaye. Kondomu iwe mfukoni kabla hujatoka nyumbani.

Usichanganye pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu. Vinakuficha usijue umelewa, nawe unaongeza. Usichanganye pombe na dawa za nguvu za kiume kama vumbi la Kongo na mkuyati, wala vidonge vya kusimamisha uume vya kununua mkononi. Vile vidonge hushusha presha, pombe nayo inaishusha, na mwenye tatizo la moyo anaweza asiamke. Kuhusu unga wa vumbi la Kongo, hauna maandishi ya kipimo, na sioni sababu ya kumeza kitu ambacho hata muuzaji hajui kina nini.

Ukiwa kwenye dozi ya Flagyl, na wengi wenu mnaipewa kwa magonjwa ya ngono au ya tumbo, kaa bila pombe hadi siku tatu baada ya kumaliza.

Uliye kwenye ARV, dawa za kufubaza VVU, hili ni kwa ajili yako. Ukinywa, usiruke dozi. Nimewasikia wanaosema "leo nina pombe, dawa kesho." Dozi zinazorukwa ndizo zinazompa kirusi nafasi. Weka kengele ya simu saa ya dawa, meza kabla ya kwenda baa, na mweleze muuguzi wa CTC, kliniki unakochukua dawa hizo, kwamba unakunywa. Hatakufukuza.

Na usiingie ziwani ukiwa umelewa, hata kuoga tu.

Hatua ya 6: Zungumza na mwenzako mchana

Mazungumzo haya yakifanyika kitandani baada ya kushindwa, yanageuka ugomvi. Fanyeni mchana, mkianika dagaa au mkitembea. Mwanamume aanze kwa kusema ukweli mmoja: "Mama fulani, nimeona nikinywa mwili haunisikii, nataka nijaribu mwezi mmoja." Wanawake wengi wanaokuja kwangu walikuwa wameshajiaminisha kuwa mume ana mwingine. Mmoja alilia nilipomweleza habari za pombe na mishipa. Kwa miaka miwili alikuwa anajiona mbaya.

Mwanamke naye asimcheke, wala asilipeleke kwa mashoga zake. Wiki mbili za mwanzo msilazimishe tendo. Laleni pamoja, mshikane, mpumzike.

Hatua ya 7: Pima, na ulizia kichocho

Katikati ya mwezi nenda zahanati. Pima presha, sukari, VVU, homa ya ini aina ya B, na magonjwa ya ngono hata kama huna usaha wala kidonda. Mkoa huu una historia katika hili: kati ya 1991 na 1994, utafiti uliofanyika vijijini Mwanza ulionyesha kwamba pale zahanati zilipoboresha matibabu ya magonjwa ya ngono, maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa karibu asilimia 40. Tiba ya kisonono inaweza kukukinga na jambo kubwa zaidi.

Sasa kichocho. Sisi wa ziwani tunakanyaga maji yenye konokono tangu utotoni. Kichocho cha tumbo kinaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake yanakwama kwenye ini, ini linaota makovu. Mishipa ya koo la chakula inavimba, na siku moja mtu anatapika damu beseni zima. Ukiongeza pombe juu ya ini hilo, unalipiga pande mbili. Nimeona mtu mwenye tumbo limejaa maji akisemwa "gongo imemmaliza," kumbe kichocho na homa ya ini vilikuwepo miaka yote na hakuna aliyevitafuta. Mweleze mtoa huduma kwamba wewe ni wa ziwani, omba kipimo cha choo na dawa ya kichocho, prazikwanteli. Watoto wa shule wanagawiwa dawa hiyo. Mtu mzima lazima aiulizie.

Ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, usisubiri kivuko cha kesho. Tafuta usafiri uende hospitali kubwa, Sekou Toure au Bugando.

Yakishatokea

Umeamka, hukumbuki kama mlitumia kondomu. Usikae kujilaumu mpaka Jumatatu. Dawa za kuzuia VVU baada ya tukio zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na zinamezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vinafaa zaidi ukivitumia mapema ndani ya saa hizo hizo 72. Kama ulilazimishwa, usioge, usifue nguo, nenda moja kwa moja hospitali. Dawati la Jinsia la polisi nalo lipo kwa ajili yako.

Mwenzako amezima, anakoroma, ukimfinya haamki: mlaze ubavu, mdomo uelekee chini ili akitapika asipaliwe. Mfunike. Usimmwagie maji, usimnyweshe kitu. Mtu akae naye. Asiyeamka hata akifinywa ni wa hospitali, na akipumua kwa kusitasita, au midomo ikibadilika rangi, ni haraka zaidi.

Aliyekunywa gongo jana na leo anaona ukungu machoni, kichwa na tumbo vinauma, anahema haraka, huenda amekunywa methanoli, kilevi chenye sumu. Dalili zake hujificha, zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, ndiyo maana watu hudhani ni uchovu wa kawaida na kumwacha alale. Asilale, mpelekeni hospitali. Kila saa inayopita inakula macho yake.

Mbalamwezi inaporudi

Fungua daftari. Linganisha wiki ya kwanza na ya nne. Wengi wanaona usingizi umetulia kwanza, kisha asubuhi zinaanza kubadilika. Kwa aliyekunywa miaka mingi mwezi mmoja hautoshi. Mpe mwili miezi mitatu kabla hujasema haijasaidia. Siku uliyoteleza iandike kama ilivyo, usichane ukurasa, uendelee kesho yake. Ukiona mwezi umeisha na hukuweza kupita hata siku tatu, hilo nalo ni jibu, lilete.

Daftari hilo njoo nalo. Kama dirishani kuna jirani zako wamepanga foleni na unaona aibu kutaja la mgongo, sema umekuja kupima presha. Hakuna atakayekuuliza zaidi. Ukishaingia chumbani, mlango ukifungwa, niwekee daftari mezani nilisome mwenyewe.